Hewa Iliyo Juu ya Paa la Baba

Jumatatu, 8 Julai

Mwalimu Wen, jirani wa mlango wa pili, amepiga picha nyumba yetu tena. Alisimama ng'ambo ya barabara na mwavuli wake, ingawa jua lilikuwa kali, akapiga madirisha ya ghorofa ya pili, kisha yale mananasi ya saruji yaliyochongwa juu ya jina la duka la babu. Mtu hapigi picha mananasi ya saruji bure. Anaandaa ombi.

Nikatoka na mpira wa maji, kana kwamba naosha baraza. Maji yakamfika magotini. Akaniuliza kwa upole kama viatu vyake navyo ni sehemu ya baraza. Nikamwambia upepo wa bandarini hauna adabu. Akaniambia, Bwana Kan, leo hakuna upepo.

Niandike mambo yalivyo.

Kampuni ya ujenzi anayofanyia kazi Bibi Pan, yule msichana anayenunua viwanja, inataka kuinunua nyumba ya babu, iibomoe, na ijenge mnara wa ghorofa ishirini na nne hapo na kwenye viwanja viwili vya nyuma. Mimi na dada yangu tutapata fedha, na kila mmoja fleti yenye lifti. Ukikaa chooni unaziona meli za watalii zikiingia bandari yetu ya Keelung. Lakini lazima tutie sahihi kabla ya tarehe mosi Agosti. Siku hiyo unaanza mwezi wa saba wa kalenda yetu ya kale, mwezi wa mizimu, na bosi wa Bibi Pan mwezi huo hanunui hata kiberiti. Mwezi ukiisha atakuwa amenunua kwingine.

Mwalimu Wen akitangulia kupeleka ombi, nyumba itafungwa kwa sheria mpaka kamati ya majengo ya kale iamue. Ikiitwa urithi, basi. Huna ruhusa ya kupigilia hata msumari.

Halafu kuna Dada Pi-hsia. Nusu ya nyumba ni yake. Mimi naishi juu ya duka langu la mabomba na koki, yeye anaishi mle na madhabahu ya wazee na ndoo tano za kukingia mvua. Mji huu mvua yake haina likizo. Mwanamke wa miaka sitini na sita anapanda ngazi na ndoo. Namwonea huruma. Yeye anasema nijionee huruma mimi.

Jumatano, 10 Julai

Nimekwenda kwa dada na matunda. Nikamweleza lifti. Nikamweleza maji ya moto yasiyokatika. Akaendelea kukunjua tambi, akasema yeye hana neno. Mwenye neno ni Baba.

Baba alikufa mwaka wa tufani kubwa. Lakini madhabahu haihamishwi bila ridhaa yake, na ridhaa huombwa kwa vile vibao viwili vyekundu, vya umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo. Unauliza, unavidondosha sakafuni. Kimoja kikilala bapa juu na kingine bapa chini, mzee amekubali. Vyote bapa chini, amekataa. Vyote bapa juu, vikabaki vinabembea, mzee anacheka. Na akubali mara tatu mfululizo.

Nikapiga magoti. Nikasema, Baba, ni mimi Chin-shui, je, tuhamie ghorofa ya ishirini? Vikabembea. Nikauliza upya, nikataja lifti. Vikabembea. Nikataja na choo. Vikabembea muda mrefu kuliko mwanzo.

Dada akasema, "Anakujua huyo." Nikamwambia kicheko si hapana. Akakubali kwamba si hapana, ila si ndiyo pia. Baba anangoja swali la mtu mwenye akili.

Mimi nilianza kubeba barafu soko la samaki nikiwa na miaka kumi na mitatu. Leo nina duka, stoo na lori. Hakuna aliyenidondoshea vibao. Na bado mbele ya mbao mbili nachekwa!

Ijumaa, 12 Julai

Nimevichukua vibao. Nimemwambia dada rangi imebanduka, nitavipaka upya. Akanishukuru. Nikaona haya kidogo, mpaka nilipofika kwenye kona.

Jambo lenyewe ni la kifundi tu. Keekee ndogo, machubwi mawili ya risasi ya kuvulia samaki, gundi, rangi nyekundu. Kibao cha kwanza nimekitia chubwi upande wa bapa, kwa hiyo kitaangukia bapa. Cha pili upande wa mviringo, kitaangukia mgongo. Matokeo: ndiyo. Nimejaribu dukani kati ya mabomba. Katika kila ishirini, kumi na tisa ni ndiyo. Benki haikupi uhakika wa namna hiyo.

Si wizi. Baba alikuwa mtu mzito wa kuamua hata akiwa hai. Alichukua miaka miwili kununua pikipiki. Namsaidia.

Bibi Pan amepiga simu. Bosi Kan, tarehe zinakwenda. Nikamwambia familia inashauriana. Akauliza kama ni familia iliyo hai. Ni msichana mwerevu, anaufahamu mji.

Jumapili, 14 Julai

Dada alikuwa amemwalika jirani yake, Mama Yao, yule anayekaanga keki za samaki kwenye kona. Sikumtaka, lakini nikasema shahidi si mbaya. Ubani ukawashwa. Nikauliza. Nikadondosha. Ndiyo. Dada akainua nyusi. Nikadondosha mara ya pili. Ndiyo. Dada akakaa chini. Mara ya tatu mkono ulikuwa na jasho. Kibao cha kwanza kikalala bapa, kama kilivyofundishwa. Cha pili kikagonga ufa kati ya vigae, kikazunguka, kikasimama.

Kikasimama wima, kwa ncha, kama mtu anayengoja basi.

Nimeyasikia mambo hayo maisha yangu yote. Mjomba wa fulani, hekalu la mahali fulani, mwaka fulani. Kuona, sijaona. Tulingoja kianguke. Hakikuanguka. Chubwi, nahisi. Nadhani gundi haikukauka, chubwi limeteremka kwenye ncha.

Mama Yao akaangusha kikapu. Dada akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, akalia. Akasema, "Baba amesimama." Nikamwuliza maana yake nini, ni ndiyo au vipi. Akaniangalia kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani. Maana yake haendi popote.

Nilitaka kukisukuma kwa kidole. Mama Yao akanishika mkono. Ana nguvu yule mama, ni kazi ya kukoroga unga wa samaki.

Jumanne, 16 Julai

Foleni imefika mpaka duka la miavuli. Watu wamevua viatu barazani kwetu. Wanataka kuona kibao. Dada amekifunika kwa kuba la kioo la kuhifadhia keki, na kimeendelea kusimama. Kuna wanaoomba watoto, kuna wanaoomba namba za bahati nasibu. Mmoja alicheza namba ya nyumba yetu, akapata kidogo. Tangu hapo hakuna pa kukanyaga.

Mama Yao anauza keki za samaki palepale barazani. Nilimwomba kodi. Akaniuliza kama Baba anajua.

Waandishi wa habari nao wakaja. Nikajaribu kuwaambia ni nyumba ya kawaida tu, imechakaa, inavuja. Wakaandika: mmiliki ni mtu mnyenyekevu.

Saa tisa Mwalimu Wen akapita katikati ya umati na mwavuli wake, wakampisha. Ombi limekwishafika ofisini. Picha za mananasi, historia ya duka la babu la kamba za meli, na ukurasa mzima juu ya imani iliyo hai ndani ya jengo. Ukurasa huo, akasema, hakuwa nao wiki iliyopita. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Jioni wakabandika tangazo mlangoni. Ni marufuku kubomoa mpaka kamati ije. Ukaguzi wa dharura, tarehe ishirini na tisa.

Ijumaa, 19 Julai

Nilidhani Bibi Pan amepiga kuniaga. Alikuwa anacheka. Bosi Kan, hongera!

Nikamwambia asinikejeli, mimi ni mtu mzima. Akanieleza polepole, nami nikachukua kalamu. Kiwanja chetu kinaruhusiwa kujengwa mita mia sita za mraba, ukijumlisha ghorofa zote. Babu alijenga mia tatu na kidogo. Karibu nusu iliyobaki ni hewa tupu juu ya paa. Nyumba ikiandikwa urithi, nzima, sheria inasema hewa hiyo haipotei: mwenye nyumba anaweza kumwuzia mjenzi, akaiongeze kwenye mnara wake mahali pengine. Na bosi wake ana mnara karibu na gati, unaolilia ghorofa.

Nikauliza hewa hiyo bei gani. Akataja. Nikamwomba arudie. Ni zaidi ya bei aliyotaka kununulia nyumba pamoja na hewa yake.

Yaani nauza kitu ambacho ndege wanapita. Nyumba inabaki. Dada anabaki na ndoo zake. Mwalimu Wen anabaki na mananasi. Na fedha inaingia. Kwa nini watu hawaambiani mambo haya? Maskini atajuaje kama juu ya kichwa chake kuna mali?

Sharti ni lile lile. Sahihi kabla ya mwezi wa mizimu. Na iandikwe nzima. Nzima, Bosi Kan, akarudia, si kipande.

Wasipoiandika je?

Jumapili, 21 Julai

Nimekwenda kwa Mwalimu Wen na sanduku la keki za nanasi na jozi ya viatu vipya. Ana kisukari. Viatu havikumtosha. Akanikaribisha chai hata hivyo.

Nikamwambia moyo wangu umegeuka. Baba amesimama, mimi ni nani nilale. Akanitazama juu ya miwani. Akauliza kama Bibi Pan naye amegeuka moyo. Mji huu mdogo sana.

Lakini akasaidia, kwa sababu anaipenda ile nyumba kuliko anavyonichukia mimi. Akasema nafasi ni nzuri. Uso wa nyumba haujaguswa tangu babu. Ngazi ni za mbao ya awali. Yapo yale madirisha ya alumini ya upande wa nyuma niliyoyaweka mwenyewe, ipo dari ya plastiki, lipo bafu lenye vigae vya waridi. Akasema nisiguse kitu. Akanishika mkono, akarudia, "Bwana Kan, nakuomba, usiguse kitu chochote." Nikamwahidi.

Njia nzima nikawa nafikiria vile vigae vya waridi. Vilikuwa mabaki ya stoo yangu. Mtaalamu atakuja kutafuta ukale, akutane na bafu la waridi? Na madirisha yanayong'aa kama sufuria? Mwalimu ni mtu wa vitabu. Hajawahi kuuza kitu. Mteja huangalia kasoro kwanza.

Alhamisi, 25 Julai

Kazi imekwisha. Mgongo umekwisha pia.

Dada nimempeleka kwa binti yake, mji wa Taoyuan, apumzike na umati. Kibao nimekiacha chini ya kioo. Niliogopa kukigusa, naandika ukweli.

Alumini yote imetoka. Nimeweka fremu za mbao nilizonunua kwa muuza vitu chakavu, zimetoka nyumba iliyobomolewa kusini. Zimepungua upana wa vidole viwili, nikajazia. Vigae vya waridi nimevipiga nyundo; sakafu ya babu iliyokuwa chini yake imetoka navyo, lakini nimemwaga saruji na kuichora mistari. Dari ya plastiki imeshuka. Boriti zilizokuwa juu yake zilikuwa safi mno, hazina hata doa. Nani ataamini ni za kale? Nikazipaka sosi ya soya, mara tatu. Rangi nzuri ajabu. Ngazi zilikuwa zimenyooka sana, nikazipiga kwa mnyororo wa lori mpaka zikawa na huzuni.

Uso wa nyumba sikuugusa. Nilikusudia kuyapaka masizi yale mananasi, ila ngazi ya kupandia haikufika.

Nimesimama mlangoni nikatazama. Nyumba imezeeka miaka mia kwa siku nne. Ningekuwa kamati, ningelia.

Jumatatu, 29 Julai

Kamati ilikuja watu watano, na Mwalimu Wen nyuma yao. Dada alikuwa amerudi asubuhi. Aliingia, akatazama, akaenda kuketi mbele ya madhabahu. Hakunisalimia.

Kiongozi wao ni profesa mmoja mama, mfupi, kiatu cha mpira, amebeba tochi. Barazani walifurahi sana. Walisimama chini ya mananasi muda mrefu, wakaguna kwa raha. Nikaanza kujumlisha.

Wakaingia. Mwalimu Wen akasimama kizingitini kama mtu aliyegonga kioo. Aliniuliza kwa sauti ndogo yako wapi madirisha. Nikamwambia ndiyo hayo, ya kale. Akaniuliza tena, kana kwamba hakunisikia.

Profesa akapiga ngazi tochi, akapitisha kidole kwenye makovu ya mnyororo. Akaenda kwenye fremu, akaniambia aina hii ya mbao na mchongo huu ni wa kusini, huku haukuwahi kutumika. Nikamwambia babu alisafiri. Akafika chini ya boriti. Juu yake sisimizi walikuwa wanapita mistari miwili, wa kwenda na wa kurudi, wengi kama siku ya sikukuu. Mmoja wao akasema mchwa. Profesa akasema hapana. Akapanda kwenye kiti, akagusa boriti, akaonja kidole.

"Sosi ya soya," akasema. Kisha akaongeza kwamba ni ile tamu.

Nikaeleza kuwa jikoni kwetu hupikwa sana.

Mwalimu Wen akatoka nje. Nilimkuta amekaa barazani, mwavuli magotini. Akaniambia bafu la waridi wangelisamehe. Madirisha ya alumini wangeyasamehe. Nyumba inayokaliwa na watu hubadilika, na kamati wanajua hilo, wao pia wana mabafu. Ila boriti zile zilikuwa safi kwa sababu dari yangu ya plastiki ilizihifadhi. Wewe, akasema, ndiye uliyezitunza. Halafu ukazikaanga.

Uamuzi waliutoa palepale. Ndani hakuna tena cha kuandika. Lakini uso wa nyumba, pamoja na mananasi, ni mzima, na ni mmoja tu wa aina yake uliobaki mtaa huu. Unaandikwa urithi. Uso peke yake. Haubomolewi, haupakwi rangi, hausogezwi, na mwenye nyumba atautunza.

Dada akauliza kama yeye ataruhusiwa kuendelea kukaa nyuma ya huo uso. Profesa akamwambia bila shaka, mama, akae mpaka achoke. Dada akamwandalia chai. Mimi hakuniandalia.

Jumatano, 31 Julai

Nimempigia Bibi Pan mara nyingi, alikuwa kwenye mkutano. Alipopokea nikamweleza haraka haraka. Akaniuliza, uso tu? Nikasema uso ndio muhimu, mtu humjui kwa mgongo wake. Akasema uso hauna hewa, Bosi Kan. Hewa huhesabiwa kwa nyumba nzima.

Nikamwambia basi wanunue nyumba, wajenge mnara nyuma ya uso. Akasema upana ni mita tano, na kreni haiwezi kuruka mananasi. Na bosi wake leo asubuhi ametia sahihi mahali pengine. Mlango wa pili kutoka nyumba ya babu. Nyumba ya Mwalimu Wen! Iliandikwa urithi zamani, nzima, hakuna aliyekumbuka. Mwalimu ameuza hewa yake. Anasema atafungua maktaba ya picha za mtaa.

Sikuweza kula. Mama Yao akanipa keki ya samaki ya bure, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Hapo ndipo nilipojua hali yangu ni mbaya.

Alhamisi, 1 Agosti

Mwezi wa mizimu umeingia. Kule mlimani wamefungua mlango wa kaburi la wafu wasio na ndugu, mizimu itoke, na leo mji mzima una meza nje, na moshi. Hakuna anayeuza, hakuna anayenunua, hakuna anayehama. Dada aliniita nisaidie kubeba meza.

Amepanga matunda, kuku, wali, na mchele wa wageni wasioonekana. Tukachoma karatasi za fedha ya mizimu. Nyuma yetu mananasi ya saruji, na kibati kipya cha shaba chenye neno urithi. Watalii wa meli wanapiga picha. Hakuna anayejua kwamba ndani kunanuka soya.

Nikamwambia dada kwamba nia yangu ilikuwa njema, nilitaka asipande ngazi na ndoo. Akasema anajua. Akaniambia ngazi alizizoea, tatizo sasa ni kwamba zina makovu na zinamkwaruza soksi. Kisha akafungua kiganja. Machubwi mawili ya risasi.

Kibao kilianguka siku ya kamati, jioni, wote walipokwisha kuondoka. Kikapasuka, akaona chubwi, akakipasua na cha pili. Akaongeza kwamba Baba hakuwahi kuvua samaki maisha yake yote, alikuwa anatapika akiona mashua.

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanipa tambi, zile nene za nyumbani, nikala bakuli mbili kwenye ngazi nilizozipiga mwenyewe. Mvua ikaanza. Ndoo ya kwanza ikalia, kisha ya pili. Nikajikuta naisogeza ya tatu kwa mguu bila kutazama, pale pale inapovuja tangu nikiwa mtoto.

Ameshanunua vibao vipya, vya mwanzi, hekaluni. Akaniambia nimwombe Baba radhi. Nikapiga magoti, nikaomba. Kwa kuwa nilikuwa pale tayari, nikauliza na jingine dogo. Maana nimelala nikihesabu, na hesabu inakubali. Sheria inafunga uso. Haifungi mgongo. Nyuma kuna mita ishirini na sita, ndani hakuna tena cha kale, kamati imethibitisha yenyewe. Ghorofa saba nyembamba, lifti ya mtu mmoja na nusu, vyumba vya wageni wa meli, wanalala nyuma ya mananasi. Sihitaji Bibi Pan. Nahitaji Baba tu.

Nikadondosha. Vikabembea. Mara ya pili vikabembea. Mara ya tatu kimoja kilijiviringisha mpaka chini ya meza, na huko nako kikaendelea kubembea. Dada alicheka mpaka akashika ukuta.

Kicheko si hapana.

Machubwi ameyasahau mezani, nimeyatia mfukoni. Tatizo lilikuwa gundi. Na uzito. Mwanzi ni mwepesi kuliko mbao, safari hii nusu chubwi inatosha.